Mboga na miti ya dawa kwenye ndoo na magunia Mombasa: dalili, sababu na la kufanya

Maswali ni yale yale kila msimu. Mtu wa Majengo auliza mbona dania yake haioti, mwengine wa Mishomoroni aonyesha picha ya sukuma imeungua ncha zote, mwengine yuko fleti Bamburi nyanya zamwaga maua, na karibu wote wameshapita agroveti kununua dawa kabla hawajatia kidole kwenye udongo. Hapa kwetu mimea mingi ya kwenye vyombo haiugui kitu, yateswa na maji: yana chumvi, yamezidi, yamepungua, au yametuama chini hayana pa kutokea. Kwa hivyo nimepanga kila kitu kwa dalili, ile sababu inayotokea sana ndo ya kwanza, na pale unapotakiwa uache kujaribu mwenyewe nimesema wazi, tafadhali usiparuke.

Kabla hujanunua chochote

Fanya haya matatu, hayana gharama. Kwanza tia kidole ndani ya udongo mpaka pingili ya pili, manake juu panaweza kuwa pakavu na ndani maji yamejaa, au juu pamelowa na ndani vumbi tupu. Pili inamisha chombo uangalie matundu ya chini, ndoo ya lita 20 yataka matundu sita mpaka nane ya upana wa kidole cha mwisho, na wengi wametoboa kwa msumari mara mbili tatu wakaridhika, kisha mizizi ikaziba hata hayo. Tatu pima maji: kikombe kimoja cha maji unayomwagilia, chemsha kwenye sufuria safi mpaka yakauke kabisa, halafu fanya hivyo hivyo na kikombe cha maji ya mvua. Yako yakiacha tabaka nene jeupe na ya mvua hayaachi kitu, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Ncha za majani zaungua, juu ya udongo pana ukoko mweupe

Hii ndo namba moja Mombasa. Jani lenyewe bado kijani lakini ncha na kingo zimegeuka kahawia na kukauka, yaanza majani ya chini, na ukingoni mwa chombo waona weupe ulioganda. Hiyo ni chumvi. Mnanaa na maharagwe huonyesha mapema, mchicha, spinachi na mshubiri huvumilia zaidi, kwa hivyo ukiona mnanaa waungua na mchicha wa kando yake uko sawa usishangae.

Sababu inayoongoza ni maji ya kisima. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, bahari iko pande zote, na kisima kikivutwa sana hasa wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi ambapo mvua ni chache, chumvi yapanda. Ya pili ni maji ya kufulia, watu waona ni kuokoa maji lakini sabuni ya unga ina sodiamu nyingi na udongo wa ndoo hauna pa kuipeleka, na hapo hapo waweka maji waliyoloweka ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) na maji ya kuchemshia viazi yaliyotiwa chumvi. Ya tatu ni mchanga wa ufuoni. Ni wa bure, mweupe, msafi, na ni chumvi na chokaa tupu, usiutumie hata ukiwa umeuosha. Ya nne ni samadi mbichi ya kuku au mbolea ya dukani iliyotiwa kwa mkono mzito. Ya tano makumbi ya nazi yaliyokuwa yamelowekwa maji ya bahari ili yatolewe kamba. Makumbi ni mazuri sana kwa kushika unyevu, ila yaloweke maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwaga, rudia mara tatu nne ndo uyatie.

Ikiwa ni upande mmoja tu wa mmea ulioungua, ule unaoangalia bahari, basi ni upepo. Kusi ikivuma inabeba chumvi, na walio karibu na maji kule Likoni, Nyali au Mji wa Kale waijua vile inavyokula hata vyuma vya madirisha. Hapo weka kizuizi cha makuti au shedineti upande ule, na jioni suuza majani kwa maji baridi kidogo.

Dawa ya chumvi ya udongoni ni kuisukuma itoke chini. Kwangua sentimita mbili za juu utupe, kisha mwaga maji yasiyo na chumvi mengi mpaka yapite, kwa ndoo ya lita 20 ni kama lita 40 hivi. Najua kwa anayenunua kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni hayo ni maji ya kupikia ya siku mbili, kwa hivyo ngoja mvua. Masika ikianza kumwaga toa vyombo vyote nje ya kipaa, viache wazi vinyeshewe mpaka maji yatoke chini yakiwa mepesi. Na utege mvua, hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, sasa bati la mita 5 kwa 4 kwa mvua ya milimita 10 lakupa karibu lita 200. Maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga pia ni mazuri, hayo usiyamwage mtaroni kabisa.

Kama huna njia ila kisima, acha ile tabia ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Hiyo ndo inarundika chumvi juu. Mwagilia mara chache lakini kwa kushiba, mpaka yatoke chini, yatoke na chumvi yake. Kuna wanaokinga maji ya eyasii, kweli hayana chumvi, lakini yamepita juu ya vyuma na vumbi la mashine, mimi ningeyapeleka kwa asumini na maua mengine, kwenye chakula hapana.

Simama hapa: kisima kikibadilika harufu au rangi ghafla, hilo si jambo la bustani tena. Visima vingi vya mjini viko karibu na mashimo ya choo. Mwite afisa wa afya ya umma wa eneo lako, na kwa kila hali maji ya kisima yamwage shinani, usiyanyunyize juu ya dania au mnanaa utakaoliwa mbichi kwenye kachumbari.

Majani yawa manjano

Swali la kwanza ni majani gani, ya chini au ya juu, kwa sababu jibu ni tofauti kabisa.

Yakianza ya chini, jani zima lapauka kisha laanguka, ni njaa ya naitrojeni. Kwenye ndoo ni kawaida kwa sababu kila ukimwagilia mbolea yaoshwa yatoka chini, na sukuma wiki inayochumwa kila wiki yataka kulishwa. Loweka samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri kwenye ndoo yenye kifuniko siku kadhaa, chuja, ongeza maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi, mwaga shinani kila baada ya wiki mbili. Kwa mboga inayoliwa mbichi usiitumie, tumia mboji iliyoiva.

Yakianza majani machanga ya juu, manjano katikati na mishipa imebaki kijani, mmea umekosa chuma. Chuma chenyewe kiko udongoni ila hakishikiki, kwa sababu udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi. Na hapa ndo pale watu wazidisha bila kujua: watia jivu, watia maganda ya mayai, wasikia ni mbolea. Bara kwenye udongo wenye asidi sawa, hapa kwetu wazidi kuifungia mimea chuma. Acha jivu. Toa nusu ya udongo ubadilishe na mboji ya majani, na kama ni mti kama ndimu au mlimau ulio kwenye pipa, uliza agroveti mbolea ya chuma ya kupulizia majani.

Manjano ya mabaka mabaka na majani madogo yaliyokunjamana mara nyingi ni virusi, haviponi. Ng'oa mmea, usichukue mbegu wala kipande chake kupandia.

Mmea wanyauka na udongo uko majimaji

Mtu akiona umenyauka aongeza maji, na hapo ndo auzika. Mizizi yavuta hewa pia, ikizama yaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata yakiwa tele. Toa mmea utazame: mizizi mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, laini, na inanuka. Sababu ya kwanza matundu, ya pili sahani ya chini yenye maji, ya tatu udongo wa mfinyanzi mtupu. Mchanganyiko unaofaa kwa vyombo hapa ni udongo mwekundu sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza sehemu mbili, makumbi yaliyooshwa sehemu moja. Kata mizizi iliyooza, panda upya, weka kivulini siku chache.

Na machicha ya nazi jamani. Kila nyumba ina machicha na kila mtu ayatupa juu ya ndoo akidhani alisha mmea. Yakirundikwa mabichi yachacha, yafunga udongo usipitishe hewa, yaita sisimizi na panya. Yachanganye kwanza na majani makavu kwenye pipa la mboji, yakae mpaka yasijulikane tena, ndo uyatumie.

Kwenye gunia tatizo huwa kinyume, juu pamejaa maji na mimea ya ubavuni yakauka. Katikati ya gunia lazima pawe na nguzo ya kokoto kutoka chini mpaka juu maji yapite. Kama ulijaza bila kokoto chomeka paipu iliyotobolewa matundu pande zote, mwagilia kupitia humo. Na angalia gunia lenyewe, haya ya plastiki jua la hapa layafanya yachanike vipande vipande, likianza kumeguka hamisha kabla nyuzi zake hazijachanganyika na udongo.

Sasa kuna mnyauko mmoja wa hatari. Nyanya, pilipili au bilingani ilikuwa nzima jana, leo imelala ikiwa bado kijani, na udongo una unyevu wa kawaida. Kata kipande cha shina karibu na chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa wateremka kutoka kwenye shina, hiyo ni bakteria ya mnyauko na hakuna dawa ya kuitibu. Mmea na udongo wa chombo hicho usiupeleke kwenye mboji wala kwenye ndoo nyengine, osha kisu na mikono, na chombo hicho usipande tena jamii ya nyanya wala tangawizi. Ikishika vyombo kadhaa usiendelee kubahatisha, mpigie afisa wa kilimo wa kaunti, au uwaulize KALRO, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, wako pale Mtwapa.

Ukikuta mizizi ina mafundo mafundo ni vijinyoo vya mizizi (nematodi), si nyungunyungu. Tandaza udongo huo ukiwa umelowa, ufunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, jua la kaskazi liupige wiki nne mpaka sita.

Dania haioti, au yaota yakimbilia maua

Ile punje ya dania ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Isugue taratibu kwa chupa mpaka ipasuke katikati, iloweke usiku mmoja, ndo upande sentimita moja chini. Ukinunua dania ya viungo ya dukani waweza kupata iliyo kuukuu isiyo na uhai tena, jaribu punje kumi kwenye kitambaa kilicholowa kwanza.

Ikiota kisha ikapanda maua mapema ni joto, dania haipendi Februari ya Mombasa na hakuna dawa ya hilo. Ipande kuanzia Mei mpaka Agosti, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na panda kidogo kila baada ya wiki mbili tatu usipande yote siku moja. Usiihamishe, mzizi wake ukiguswa ndo yakimbilia maua. Miezi ya joto panda mrehani na mchaichai badala yake, hiyo hainung'uniki.

Nyanya zamwaga maua, au zaoza kitako

Watu walaumu wadudu, kumbe ni usiku. Nyanya ili ishike tunda yataka usiku upoe, joto la usiku likikaa juu ya digrii 24 chavua yaharibika na ua laanguka. Februari na Machi hapa usiku haupoi vya kutosha na mchana ni digrii 32, 33, sasa hata umwage mbolea gani ua halishiki. Dawa ni kalenda: sia mbegu mwezi wa nne, maua yaje mwezi wa sita na wa saba wakati kusi imeshapoza hewa na usiku washuka mpaka kama 20 au 21. Nyanya ndogo ndogo za vichala hustahimili zaidi kuliko zile kubwa. Ukitaka kitu cha kuzaa kaskazi panda bamia, bilingani na pilipili mbuzi.

Kama msimu ni sawa na bado yamwagika, angalia ukame wa mchana, chombo ni kidogo (nyanya moja yataka ndoo nzima ya lita 20), kisha naitrojeni nyingi, mmea umekuwa msitu wa majani tu. Kwenye balkoni iliyofungwa pande tatu hakuna upepo wala nyuki wa kutosha, tikisa vichala vya maua asubuhi kwa kidole, yatosha.

Kitako cheusi kilichobonyea si ugonjwa, hakiambukizi. Tunda lilikosa kalisiamu lilipokuwa likikua, na mara nyingi kalisiamu ipo ila maji yalikuja leo yakakosekana siku tatu. Wenye maji ya mfereji ya zamu wataijua hii sana. Funika udongo kwa makumbi au nyasi kavu ushike unyevu, mwagilia kwa kiasi kile kile, toa matunda yaliyoharibika. Maganda ya mayai hayatakusaidia msimu huu, yachukua muda mrefu mno kuoza.

Majani yajikunja, yanata, yana wadudu

Geuza jani. Wadudu wengi wanaishi chini yake na watu wapuliza dawa juu. Wadogo wa kijani au weusi waliojaa kwenye vichipukizi ni vidukari, na ukiona sisimizi wapanda wakishuka juu ya mmea basi wako, manake sisimizi wanawachunga kwa ajili ya ule utamu wao. Wenye unga mweupe kwenye vikonyo ni vidung'ata. Wakiruka wengi weupe ukigusa mmea ni inzi weupe. Jani likiwa na vidoa vidogo vidogo vya rangi iliyopauka na utando mwembamba chini, ni utitiri, huyo aja wakati wa ukavu.

Siku ya kwanza ni maji tu, wapige kwa maji ya nguvu chini ya majani, kata vichipukizi vilivyojaa sana, na vidung'ata uwafute kwa kitambaa. Wakirudi, kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja ya maji baridi, puliza jioni chini ya majani baada ya kujaribu majani mawili siku moja kabla, rudia baada ya siku nne tano. Juu ya hapo ni mwarobaini: ponda kilo moja ya majani mabichi, loweka usiku kucha kwenye lita tano za maji, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni. Jioni ni muhimu, jua lauharibu haraka, ndo maana wanaopuliza saa sita wasema haufanyi kazi.

Simama hapa na uniskie vizuri. Dawa ya kunguni, ya mende au ile ya chupa ndogo isiyo na lebo inayouzwa njiani haiguswi na mboga, hata tone. Dawa halali hapa Kenya ina lebo yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, ina jina la zao, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwenye balkoni ya mita mbili ambapo watoto wachezea na nguo zaanikwa mimi siipendekezi kabisa. Mtu akishika dawa akaanza kutoa jasho na mate mengi, kutapika, mboni za macho zikawa ndogo, usimpe maziwa wala usimtapishe, mvue nguo zilizolowa dawa, muoshe, mkimbize hospitali pamoja na chupa ile ile.

Miche yatoweka usiku

Utelezi unaong'aa ni konokono, wale wakubwa wa kwetu wamaliza beseni la mchicha usiku mmoja. Toka na tochi baada ya mvua uwaokote, vaa glavu au mfuko mkononi, osha mikono. Wasikwambie umwage chumvi kwenye ndoo, utaua konokono na mmea pamoja. Mche uliokatwa shingoni ukaachwa hapo ni kiwavi, chimbua kando utamkuta amejikunja. Ukiwa umeng'olewa mchana ni kunguru, funika kwa neti mpaka miche ishike. Mche ulioanguka wenyewe, shina limekonda na kulainika usawa wa udongo, ni kuvu ya unyevu, punguza maji na usipande kwa kubanana.

Mmea warefuka mwembamba

Ni kiza. Jambo moja la kujua kwa wenye fleti: Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hivyo kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na balkoni inayoangalia kusini haipati jua. Miezi hiyo panda mnanaa na tangawizi huko, nyanya ihamie upande wa pili au juu ya nyumba.

Miti ya dawa

Mshubiri ukiwa mwekundu wa kahawia ni jua kali au kiu, utarudi. Ukiwa laini na chini kunanuka ni maji, kata sehemu nzima, ikauke kivulini siku kadhaa, panda upya kwenye udongo wenye mchanga mwingi wa mtoni. Mnanaa uliobaki vijiti vitupu umebanwa mizizi, ugawe mara mbili, ukate mpaka karibu na udongo, utachipua. Mrehani ukiachwa utoe maua majani yapungua, kata vichwa kila wiki. Tangawizi na manjano huchukua miezi minane mpaka kumi, majani yakianza kukauka mwishoni ni kuiva, lakini yakikauka mwezi wa tatu na kikonyo chavutika kirahisi basi tunguu limeoza kwa maji.

Kwenye kutumia ndo nawaomba sana. Utomvu wa rangi ya manjano unaotoka ukikata mshubiri huharisha vibaya, simamisha jani lichuruzike lote kwanza, na mja mzito asiunywe kabisa. Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto, yameshaleta degedege kwa watoto wachanga, na mja mzito vile vile ajiepushe na mwarobaini wa kunywa. Mlonge na mwarobaini zaweza kushusha sukari, anayetumia dawa za sukari au presha aongee na daktari wake kwanza, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asinywe tangawizi na manjano kwa wingi bila kuuliza. Usichume mmea ambao huna uhakika nao, mnyaa una utomvu mweupe unaochoma macho na watu hupanda uani karibu na mengine. Homa Mombasa ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo, chai ya mchaichai ni ya kunywa ukisubiri majibu.

Na mbu: maji ya kwenye sahani na mapipa wazi ndo anapotagia yule mbu wa mchana wa denge na chikungunya, na mji huu umeshapigwa na zote mbili. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi, kwa hivyo mwaga na usugue kila chombo mara moja kwa wiki, tangi lifunikwe.

Udongo wa kuokota

Udongo wa karibu na gereji, mahali pa kuvunjia betri, kiwanda cha zamani, au ukuta wa kale unaomeguka rangi usiuchukue. Kule Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watu, kesi ikafika mahakamani na mwaka 2020 jaji akaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi haina rangi ya kuonekana wala harufu, haitoki kwa kupika, na haiishi kwa kungoja. Hakuna jaribio la nyumbani la kuitambua, ni maabara tu. Kama umeshalima kwenye udongo wa mahali hivyo acha kula, na watoto wapelekwe hospitali wapimwe damu.

Maji yavuja kwa jirani wa chini, au slebu yatoa nyufa

Kuvuja mara nyingi ni vyombo kukaa moja kwa moja sakafuni na kuziba mfereji wa maji ya mvua. Viinue juu ya matofali, safisha mfereji, badilisha muda wa kumwagilia uwe jioni uone kama kunapungua. Ikiendelea ni fundi wa kuzuia maji, si kazi ya kupaka simiti wewe mwenyewe.

Uzito ndo watu hawauhesabu. Ndoo moja ya lita 20 yenye udongo uliolowa ni kilo 30 na zaidi, ndoo 30 ni karibu tani moja, na gunia kubwa mvua ikilipiga laongezeka tena. Panga vyombo kandokando ya kuta, usivirundike katikati ya slebu wala kwenye ncha ya balkoni, na kabla ya kupandisha chochote juu ya nyumba ongea na landilodi. Hewa ya chumvi hula nondo ndani ya zege na huwezi kuiona kwa nje. Ukiona ufa mpya chini ya slebu, madoa ya kutu, zege lameguka vipande au mlango ulioanza kukwama, usimwagilie tena na usimwache mtu akae chini yake. Shusha vyombo kuanzia vya kwenye ncha, kisha vya katikati, na umwite injinia wa majengo aje aangalie kwa macho yake.